Kuri Haingii kwa Kichwa

Tangu nirudi Louisville mmeniuliza kwa simu, mmeniuliza baada ya ibada, na mmeniuliza hata kwenye foleni ya duka pale Highview, mimi nikiwa na vitunguu mkononi: ilikuwaje safari ya farasi? Mmoja wenu, katika kikao chetu cha waandishi, aliuliza huku akicheka: "Kemunto, farasi wa Kijapani wanakuhusu nini? Andika mambo yetu." Siku ile sikujibu kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umejaa chapati. Leo haujajaa kitu. Habari za vibali, bima na cheti cha daktari wa mifugo naziruka, hakuna kati yenu atakayezikosa. Nawapa yaliyobaki. Na mkiona nina hasira, basi mmeona vizuri.

Louisville

Farasi mwenyewe anaitwa Kuri. Ni jike mfupi, mpana wa kifua, rangi ya njugu zilizokaangwa, na singa zake ni nyingi hadi zinamfunika macho kama msichana asiyetaka kupigwa picha. Ni chotara. Kwa mama ana damu ya farasi wa Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani. Kwa baba ni farasi wa milima ya hapa hapa Kentucky. Mwenye farasi ni Mzee Tanabe, ambaye nilimhudumia nyumbani kwake Highview baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Alasiri nilikuwa nikimpeleka zizini nje ya mji, namsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi uzioni, naye anampa Kuri vipande vya tufaha kupitia katikati ya mbao. Mimi nilimjua Kuri kwa pua na kwa meno. Sikuwahi kumshika kamba. Tangu mzee aanguke, hakuna aliyemshika. Alilala malishoni, kwenye kibanda kisicho na mlango.

Ni hapo uzioni nilipopata riwaya ninayoiandika. Mzee aliniambia kwamba farasi wa Hokkaido walitokana na farasi waliovushwa bahari na wavuvi kufanya kazi ya msimu. Msimu ukiisha, wavuvi walirudi kwao na farasi wakaachwa kwenye theluji. Wajitafutie. Wafukue majani ya mianzi kwa kwato. Masika wavuvi walirudi, wakawakamata walionusurika, wakawatwika mizigo tena. Halafu ikaja zamu ya serikali. Ilitaka farasi warefu wa kubeba askari na kuvuta mizinga, ikawatazama farasi wa nchi yake na kuwaona vibeti. Madume wakahasiwa. Majike wakapandishwa na madume walioletwa kwa meli kutoka Ulaya. Farasi wa Nambu, mababu wa hawa wa Hokkaido, walikwisha kabisa, wameyeyuka ndani ya damu za wengine. Wale wa milima ya Kiso nusura waishe; dume mmoja alikwepa kisu kwa sababu alikuwa mali ya hekalu, na ni kwake ukoo ulipofufuliwa. Mzee alinieleza haya yote kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Mimi ndiye niliyeikaba mbao ya uzio.

Vuli iliyopita, Emi, binti yake, alikuja kumchukua akaishi naye Tonawanda, kaskazini ya Buffalo. Kuri akabaki. Mlangoni mzee alinishika kiganja kwa mikono yake miwili na kusema, "Usimwache kwenye theluji."

Basi hilo ndilo lililokuwa mikononi mwangu, na naomba mlikumbuke hadi mwisho. Mwenye zizi la Louisville alikuwa anaitaka nafasi ya Kuri kwa farasi wa mbio, na alikwisha kuzungumza na mfanyabiashara anayekusanya farasi wasiotakiwa na kuwapeleka kuchinjwa. Karibu na Tonawanda kulikuwa na mama mmoja mwenye zizi, Doreen, aliyekubali kumpokea kwa sharti moja: awe mpole. Farasi wa mateke hamtaki.

Dereva nilimpata kanisani. Papa Heri ni Mkongo wa Masisi, anaishi Buffalo na anafanya kazi katika kiwanda kimoja huko Tonawanda. Alikuwa ameleta Louisville makochi na friji ya dada yake ndani ya trela ya mifugo aliyoazima, na sasa alikuwa anarudi na trela tupu.

"Mi nilichungaka ng'ombe tangu nikiwa mutoto," alinihakikishia. "Munyama ni munyama, dada. Unamupigia muluzi, anaingia."

Watu wa zizi walikuwa wamejaribu kumtoa malishoni wakashindwa, na tulimkuta Kuri ametundikiwa kibao uzioni. Kilisema: KICHAA. Jina lake halikuwapo popote. Vijana wawili wa zizi walimvuta kwa kamba kutoka kushoto, kichwa mbele, hadi kwenye ubao wa kupandia trela, na hapo Kuri akagoma kabisa. Papa Heri akapiga mluzi wa Masisi kutoka nyuma. Kuri akampiga teke la hewani, kofia yake ikaanguka chini ya kwato.

"Bon, haya," alisema Papa Heri, akiiokota kofia. "Hii si ng'ombe."

Kilichofuata sikukizuia, kwa hiyo nakieleza. Walizungusha kamba nene nyuma ya mapaja yake. Mmoja alimbana mdomo wa juu kwa kitanzi cha mnyororo na kukisokota. Wakamburura hadi ndani akiwa amejichuna paja, damu nyembamba inateremka hadi kwatoni. "Sasa ni wa kwenu," alisema mwenye zizi huku akipangusa mikono. Huu ndio mji ambao watu wake huvaa kofia zenye maua siku ya mbio za farasi, jamani. Unawalilia farasi kwenye televisheni, mradi wawe na vyeti vya ukoo.

Barabara ya kwenda Columbus

Aligonga ukuta wa trela mpaka tukavuka mto wa Ohio, na baada ya mto akaendelea kugonga. Kila teke lilipanda kupitia kiti changu. Papa Heri aliongeza sauti ya kwaya kwenye redio, akaipunguza, mwishoni akaizima.

"Anatusemea kitu," alisema.

"Anasema nini?"

"Kama ningejua, ningekuwa namujibu."

Tulikwama nyuma ya lori lililomwaga mbao barabarani, tukageukia kituo cha mafuta ili Kuri apate maji. Papa Heri alifungua bakuli la sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukaanga alilofungiwa na dada yake, tukala kwa mikono tukiwa tumeketi kwenye bampa. Ile sombe ilikuwa na mawese ya kutosha kumsamehesha mtu dhambi nyingi. Mwanamume mmoja mwenye buti za mchunga ng'ombe akaja kuchungulia trelani.

"Huyu ni aina gani?"

Nikamwambia: Hokkaido na Kentucky.

"Ana cheti?"

"Hana."

"Ah." Aliliondoa jicho lake kwa Kuri kama mtu anayefunga duka. "Basi si farasi wa aina yoyote."

Nikamuuliza kama yeye ana cheti. Papa Heri hakuwa ameelewa Kiingereza chote, lakini uso wangu aliuelewa, akanisukumia kipande kikubwa cha samaki. "Kula, dada. Mutu anapigana akishakula."

Westerville

Columbus, jimboni Ohio, tulilala kwa Justus, mhasibu, Mkenya mwenzangu, anayeishi kitongoji cha Westerville. Jirani yake wa nyuma alikuwa na banda dogo lenye chumba kitupu. Nilimpa Justus namba ya Doreen, ili jirani aulize mambo ya chakula cha farasi kama angetaka. Kumbukeni namba hiyo.

Ilikuwa jioni ya kikundi cha maombi. Nyumba ilinukia pilau, na magari yalijipanga hadi kwa majirani. Waumini walitoka na sahani zao kuja kutazama, na Justus, ambaye kwao Kisii alikua na punda, akajitolea.

"Tulia, sis. Mimi na punda tulisoma shule moja."

Alimshika kamba kwa kushoto, akamvuta kichwa mbele hadi mlango wa banda. Kuri akasimama wima kwa miguu ya nyuma. Sahani zikaanguka. Pilau likatapakaa kwenye nyasi. Alipotua alitetemeka ngozi yote, kama maji yanayopigwa na upepo, na weupe wa macho ulionekana katikati ya singa.

"Hiyo si farasi," alisema mama mmoja. "Hiyo ni roho."

Jamani, walimwombea. Walijipanga nusu duara, mikono imenyooshwa kwa usalama wa mbali, na Justus akamkemea pepo wa Kuri kwa Kiswahili, Kiingereza na Ekegusii, mapepo ya mababu, ya bahari na ya mashariki ya mbali. Na mimi pia ni Mkristo! Nasali kila siku. Lakini mnyama aliyechubuka paja, aliyesafiri siku nzima gizani, hahitaji kukemewa kwa jina la mtu yeyote. Nilisema hivyo kwa sauti. Maombi yakakatika.

"Tunakusaidia, halafu unatukasirikia," alisema Justus.

"Kemea kamba yako kwanza," nilimjibu.

Papa Heri, ambaye alikuwa ameokoa sahani yake na alikuwa bado anatafuna, aliuliza kwa upole, "Kama muko na pilau ingine, donc, pepo inaweza kungojea?" Walicheka, na ndiyo maana hatukufukuzwa. Kuri alifungwa kwenye uzio wa jirani, nje, na kila nilipoamka nilimwona dirishani amesimama vilevile, sura yake imeelekea barabarani.

Asubuhi hakupanda trela. Tulijaribu tufaha, tukajaribu mluzi, tukajaribu kumtukana. Nikampigia Emi simu nikiwa karibu na machozi, naye akampa baba yake.

"Mko upande gani?" aliuliza Mzee Tanabe.

"Tuko Columbus, mzee."

"Nauliza upande gani wa Kuri."

"Kushoto. Kama kila mtu."

Alisema polepole, kama mtu anayeona haya kueleza jambo ambalo nyumbani kwao halielezwi: "Kwa babu yangu, farasi hushikwa kwa kulia, na hupandwa kwa kulia. Na haingii ndani kwa kichwa. Unamgeuza, anaingia kinyumenyume, ili alale akitazama mlango. Hivyo ndivyo nilivyomlea Kuri. Yeye akisukumwa gizani kwa kichwa, mlango ukiwa nyuma yake, anajua kwamba ni adui."

Nilizunguka. Nilisimama kulia kwake, upande ambao tangu Louisville hakuna mtu aliyesimama. Kuri alishusha kichwa mpaka pumzi yake ikaingia kwenye mkono wa koti langu. Papa Heri aliondoa mbao za kugawia ndani ya trela, tukamgeuza, nikamgusa kifuani kwa vidole tu. Akarudi nyuma, kwato moja, kwato nyingine, akapanda ubao kinyumenyume kama bibi kizee anayejua vizuri ngazi za nyumba yake. Akasimama. Akashusha pumzi ndefu.

Jirani alivua kofia.

"Kumbe alikuwa anaomba tu kuona mulango," alisema Papa Heri. Alifunga komeo la chini, nusu ya juu akaiacha wazi, akabaki ameishika. "Dada, mi pia tangu vita siwezi kukala nikipa mulango mugongo. Kazini, kanisa, popote. Bibi yangu anasemaka ni tabia mbaya." Akaipapasa pua ya Kuri kwa mara ya kwanza. "Pepo, eti."

Kinyumenyume hadi Buffalo

Kutoka Columbus hatukusikia teke hata moja. Kwenye kioo cha pembeni niliona masikio mawili na singa zinazopepea juu ya nusu mlango: Kuri akiitazama barabara ikitoka chini yake na kurudi kule tulikotoka. Wenye magari ya nyuma walipunguza mwendo na kumpiga picha. Cleveland ikapita, ziwa la Erie likaonekana la kijivu kama sufuria, na vipande vya theluji vikaanza kuja pembepembe. Kuri aliinua pua, akavipokea.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilikuwa na hasira kuliko jana. Jana nilidhani tunapambana na mnyama mkaidi. Leo nilijua kwamba kila mahali tulipopita, kila mtu aliyemshika, mimi nikiwamo, aliuona upande wake mwenyewe kuwa ndio upande, na Kuri kuwa ndiye kosa. Kwa hilo alisokotwa mdomo kwa mnyororo na akaitwa kichaa. Nilimwambia Papa Heri haya yote kwa kilomita nyingi. Alisikiliza akila karanga.

"Mi kiwandani wananiita Harry," alisema mwishowe.

"Na wewe unaitika?"

"Bon. Mashini inapiga kelele, dada. Utafanya namna gani?"

Tonawanda

Doreen alitusubiri getini, mikono imefungwa kifuani. Hata salamu hakutoa.

"Mwenyeji wenu wa Ohio amenipigia simu," alisema. "Ni mtu mwaminifu. Amenieleza ukweli mlionificha. Geuzeni trela."

Justus! Kwa uaminifu wake wa Kikristo! Tulipoondoka alikuwa ameona kwa macho yake Kuri akipanda kama bibi kizee, lakini simu alikuwa ameshaipiga usiku, na hakuona haja ya kupiga nyingine. Nilianza kueleza kwa Kiingereza, maneno yakagongana mlangoni. Doreen alitikisa kichwa tu. Mimi nikaanza kumwona yule mfanyabiashara wa Louisville akirudisha gari lake nyuma hadi uzioni.

Hapo gari la Emi likaingia. Mzee Tanabe alitoka polepole, amekonda, kofia ya sufu imemfika nyusi, akataka fremu yake ya kutembelea. Emi alimkataza kwa Kiingereza. Mzee akajibu kwa Kijapani, neno moja, na Emi akaisogeza fremu.

Kuri alimwona. Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini, ya tumboni. Papa Heri alifungua. Mzee alisimama kulia, mkono mmoja kwenye fremu na mwingine kwenye kamba iliyolegea kabisa, na wakaenda pamoja kwa mwendo wa mgonjwa, Kuri akiingoja kila hatua ya ile fremu. Mlangoni mwa banda mzee alisema kitu kidogo. Kuri akageuka, akarudi nyuma, akaingia. Kichwa chake kikatokeza juu ya mlango, na mzee akaegemeza paji la uso hapo, singa na sufu vikachanganyika.

Doreen alikohoa. "Sawa. Ni mpole. Namwona." Kisha, bila ubaya wowote, na huko kukosa ubaya ndiko kulikonichoma: "Lakini huyu mzee hataweza kuja kila siku. Wafanyakazi wangu hushika kwa kushoto. Farasi wote hapa huingia kwa kichwa. Atajifunza tu."

"Kwa nini ajifunze yeye?" Sauti yangu iliwashtua farasi wa vyumba vingine. "Wafanyakazi wako wana akili timamu, wana mikono miwili, hakuna aliyewasokota midomo. Kuvuka kwenda upande wa pili wa farasi ni hatua ngapi? Huyu ametoka Kentucky akiwa anavuja damu, na bado ni yeye anayedaiwa adabu!"

"Dada," alisema Papa Heri, akinigusa kiwiko. "Mwambie mi nitakuja."

"Utakuja wapi?"

"Hapa. Kiwanda iko hapo nyuma ya barabara. Nikitoka kazi namuingiza, asubuhi mbele ya kazi namutosha inje. Kulia, kinyumenyume. Mwambie. Na mwambie jina ni Heri, si Harry."

Nilimtafsiria Doreen yote, hata jina. Alimtazama huyu mtu mwenye kofia iliyokanyagwa, akamtazama Kuri, akasema wiki chache, tuone. Mzee Tanabe aliinama mbele ya Papa Heri mpaka nikaogopa ataanguka. Papa Heri hakujua afanye nini, naye akainama, kofia ikaanguka tena.

Jioni tulikula kwa Emi wali na samaki na kachumbari ya figili. Papa Heri alionja, akauliza kama kuna pilipili.

Kurudi

Nilirudi kwa basi, na safari hiyo haina la kusimuliwa. Nilipofika Highview nilingoja habari, na nilijua nangoja nini: Papa Heri akiugua, akibadilishiwa zamu, theluji ikifunga barabara, Kuri atarudishwa kwenye mkono wa kushoto.

Juzi ikaja sauti yake kwenye simu.

"Dada, bon, sikiliza. Jana zamu ilirefuka, nikachelewa. Kijana mumoja wa Doreen akasema yeye hangojeake mutu wa kiwanda. Akamuvuta Kuri kushoto, kichwa mbele. Kuri akamupa teke ya paja." Hapa kuna kicheko anachojaribu kukimeza. "Apana, hakuvunjika. Anatembea tu sawa vile bata. Nilipofika, Doreen alikuwa amesimama mbele ya Kuri. Nikasema, bon, imekwisha, wanamufukuza. Akanipa nyundo."

Picha imefuata. Mlango wa banda, theluji kwenye kizingiti, kichwa cha Kuri kimetokeza na majani ya nyasi mdomoni. Juu yake kuna kibao kipya cha mbao, kimepigiliwa upandeupande, herufi nyeupe za rangi ya mlango: KURI. MSHIKE KWA KULIA. AINGIE KINYUMENYUME. MUULIZE HERI.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimhurumia yule kijana. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikashika sinki. Maelezo ya mzee hayakutosha, na hasira yangu haikutosha. Lilitosha teke.

Nawe uliyeniuliza farasi wa Kijapani wananihusu nini: kikao kijacho niachie kile kiti kinachotazama mlango.